Ukoka na Ardhi Yake

Ni jambo la kusikitisha, tena huonekana karibu katika kila mtaa mpya wa miji yetu, kwamba mtu aliyekwisha kujenga nyumba yake kwa taabu ya miaka mingi, akaipaka rangi na kuizungushia ukuta, hununua nyasi za bustani katika juma la mwisho kabla ya kuhamia, akazitandaza juu ya ardhi isiyoandaliwa, akaufurahia ukijani wake kwa miezi miwili au mitatu, kisha akaziona zikigeuka manjano, zikitoka viraka, zikimezwa na ndago, hata mwisho wake pakabaki vumbi lenye mabaki ya mizizi. Aghalabu lawama humwangukia muuzaji wa kitaluni, au mtunza bustani, au jua. Nao waliolaumiwa hujibu kwamba maji hayakutosha. Kwa rai yangu sababu ya kweli haimo katika hayo ila kwa uchache. Kiwanja cha nyasi huamuliwa kabla ya jani la kwanza kutiwa ardhini: huamuliwa na udongo ulioko chini, na aina ya ukoka iliyochaguliwa, na wingi wa maji ambayo mwenye nyumba ana yakini nayo wakati wa kiangazi, na kazi zote zinazofuata baada ya kupanda, ijapokuwa zina manufaa yake, haziwezi kulitengua kosa lililofanywa mwanzo.

Inafaa kwanza tujue ada hii ya kuzungushia nyumba nyasi fupi imetoka wapi, kwa kuwa makosa yetu mengi yamezaliwa na kuiga sura ya kitu bila kuitazama hali iliyokileta duniani. Katika Uingereza na kaskazini ya Ufaransa mvua hunyesha kidogo kidogo mwaka mzima, jua ni dhaifu, na nyasi laini za nchi ya baridi humea zenyewe popote wanapolishwa kondoo. Kwa hiyo mafundi wakubwa wa bustani wa karne ya 17 na ya 18, tangu André Le Nôtre aliyemtengenezea Mfalme Louis wa 14 bustani za Versailles, hadi Lancelot Brown aliyeyageuza mashamba mengi ya makabaila wa Kiingereza kuwa malisho mapana yenye vilima na maziwa, walikuwa wakiifuata tabia ya nchi yao, wala hawakuwa na haja ya kushindana nayo. Gharama yao ilikuwa katika kukata, maana kazi hiyo ilifanywa na watu wengi kwa miundu mirefu, au iliachiwa meno ya kondoo. Nayo ilipungua baada ya mwaka 1830, Edwin Budding wa Gloucestershire alipopata hataza ya mashine ya kukatia nyasi, fikra aliyoitoa katika mtambo wa viwanda vya nguo uliokuwa ukinyoa manyoya ya sufu juu ya kitambaa. Tokea hapo kiwanja cha nyasi kikatoka katika majumba ya kifahari kikaingia katika nyumba za watu wa wastani, na pamoja na dola ya Kiingereza kikasafiri hadi Bara Hindi, Afrika Kusini, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja.

Huku pwani kilikuta desturi nyingine kabisa. Nyumba ya kale ya Mswahili ilikuwa na ua nyuma, palipokuwa na kisima na jiko na miti michache ya manufaa au ya harufu nzuri, kama asumini, mlangilangi, mkadi na rihani, na mbele ya baraza palikuwa na uwanja wa mchanga uliofagiliwa alfajiri kabla ya watu kupita. Na majani kuota karibu na ukuta ilikuwa ni dalili ya nyumba isiyo na mwenyewe, na ni maficho ya nyoka. Desturi hiyo haikuwa ya umaskini, kama walivyodhani wageni waliokuja baadaye, bali ilikuwa na hekima yake, nami nitairudia mbele, kwa sababu jibu la swali letu kwa sehemu kubwa limo humo.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuyaona majani ya bustani kuwa ni kitu cha wageni tupu, kwa maana nyasi zenyewe, tofauti na desturi ya kuzitandaza, ni zetu kwa asili. Jamaa ya ukoka wa kawaida, ule ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon na ambao mtu yeyote aliyelima shamba anaujua kwa ukaidi wa mizizi yake, ina aina nyingi katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini kuliko popote pengine. Na ule ukoka mwembamba unaofunika viwanja vingi vya mpira na vya gofu vya nchi za joto ulizaliwa kwa kuchanganyika ukoka huo na jamaa yake wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis, na Glenn Burton, mtaalamu wa mimea wa Tifton katika jimbo la Georgia la Marekani, akatoa mwaka 1960 aina iitwayo Tifway. Kadhalika nyasi za Kikuyu, ambazo jina lake linatangaza nchi yake, zimetoka katika nyanda za juu za Kenya na nchi jirani, zikachukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 hadi Afrika Kusini, Australia, Hawaii na California, na huko zikastawi mpaka baadhi ya serikali zikaziandika miongoni mwa magugu ya kupigwa vita. Na majani mapana, manene, yanayotambaa chini ya minazi, ambayo wakulima wa bustani kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam huyaita ya Pemba, ni mmea wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Basi mwenye bustani wa Afrika Mashariki hana haja ya kuagiza pakiti ya mbegu kutoka Ulaya, wala mbegu hiyo haitamfaa, kwa kuwa nyasi za nchi ya baridi zikipandwa Tanga au Malindi huota kwa haraka kisha hufa katika joto la kwanza la kaskazi.

Katika kuchagua kati ya hizi zetu ndipo watu hukosea zaidi, nami naona panastahili maneno mengi kidogo. Vitaluni karibu kila kitu huitwa ukoka, na mnunuzi hutazama rangi tu, ilhali kila aina ina tabia yake isiyobadilika kwa kubembelezwa. Ukoka wa kawaida na vizazi vyake hupenda jua kali, hustahimili kukanyagwa na watoto na hurudi upesi baada ya ukame, kwa sababu una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayopita chini yake. Lakini haukubali kivuli, na mahali pasipopata jua la wazi kwa saa 6 hivi kila siku hurefuka kwa udhaifu, hunyauka, na huuacha udongo wazi. Majani ya Pemba ni kinyume chake: huvumilia kivuli cha mwembe au cha ukuta, huenea kwa urahisi na hufunika magugu kwa upana wake, ila hayafai kwa mchezo wa mpira, wala hayapendi kukatwa mafupi mno. Nyasi za Kikuyu ni za mahali palipoinuka, na mtu wa Limuru, wa Arusha au wa Mbeya anaweza kuzitegemea, lakini zikiteremshwa hadi usawa wa bahari hudhoofika kwa joto na kuugua mara kwa mara. Na hata huko bara, nguvu yake ni ya kuhadhariwa, maana hazijui mpaka, na huingia katika matuta ya maua na ya mboga ya jirani asiyezihitaji. Paspalamu ya ufukweni ni rafiki wa mwenye kisima cha maji ya chumvi, kwa kuwa kwa asili huota karibu na mikoko ambako maji ya bahari huifikia. Na kwa yule ambaye maji yake yana ladha ya chumvi ulimini, aina nyingine nyingi ni kupoteza fedha. Ama zoizia, iliyotoka Asia ya Mashariki, ni nzuri mno kwa wajihi na haihitaji kukatwa mara nyingi, lakini huenea polepole sana, na aliyepanda vipande vidogo mbalimbali asitaraji kuuona uwanja umefungana kabla ya mwaka kupita.

Kabla ya kununua, basi, mwenye nyumba na azunguke uwanja wake asubuhi, adhuhuri na alasiri, aone jua linapiga wapi na kivuli cha nyumba na cha miti kinaangukia wapi, kisha akubali kwamba uwanja mmoja unaweza kutaka nyasi za aina mbili. Na chini ya mvinje, ambao majani yake ya sindano hulaza busati zito juu ya ardhi, au chini ya mwarobaini uliokomaa, afadhali asipande nyasi kabisa. Wapo wanaokata miti mizuri ya miaka 30 ili ukoka upate jua, na hilo kwangu ni dhuluma, kwa kuwa kivuli kwa nchi yetu ni neema kubwa kuliko ukijani wa ardhini, na mti hauwezi kurudishwa kwa majuma machache kama nyasi.

Baada ya aina huja maji, na hapa hesabu ni bora kuliko matumaini. Nyasi za nchi za joto, zikiwa katika kiangazi, huhitaji kwa wastani kina cha maji cha milimita 25 kwa juma ili zidumu na ukijani wake, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo uwanja mdogo wa mita 10 kwa mita 10 hunywa lita 2,500 kwa juma, yaani ndoo 125 za lita 20, na tangi la lita 5,000 ambalo familia hulitegemea kwa kupikia na kufulia litamalizwa na nyasi peke yake katika siku 14. Anayenunua maji kwa boza la lita 10,000 ajue kwamba boza zima ni la mwezi mmoja wa uwanja huo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, kina cha mto Ruvu kilipopungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji, bustani ngapi zilikauka, na ni nani angekuwa na uso wa kumlaumu aliyeiacha ya kwake ikauke ilhali jirani anatafuta ndoo ya kunywa? Nchi tajiri nazo zimeanza kulitambua jambo hili. Watafiti waliotumia picha za setilaiti walikadiria mwaka 2005 kwamba viwanja vya nyasi vya Marekani vilienea katika kilomita za mraba 160,000 na zaidi, eneo ambalo ni karibu sehemu moja katika sita ya Tanzania nzima, na ambalo ni kubwa kuliko la zao lolote moja linalomwagiliwa nchini humo. Na mwaka 2021 jimbo la Nevada, lenye jangwa na mji wa Las Vegas, lilipitisha sheria ya kukataza maji ya mto Colorado yasitumiwe kunyweshea nyasi za pambo zisizokanyagwa na mtu, kama zile za kandokando ya barabara na mbele ya maofisi. Ikiwa wao wenye mabwawa makubwa wamefika hapo, sisi tunaotegemea masika na vuli tungetangulia.

Sasa nafika katika udongo, ambao ndio msingi wa kazi yote, na ambao hupewa fedha kidogo kuliko kitu kingine. Ardhi iliyozunguka nyumba mpya si udongo wa asili tena. Malori yameikanyaga mpaka ikawa ngumu kama sakafu, mafundi wamemwaga juu yake saruji iliyobaki, chokaa, kokoto, vigae, vipande vya nondo na misumari, na mwisho wa kazi, ili pawe safi machoni, hufukiwa kifusi chote na kutandazwa juu yake tabaka jembamba la udongo mwekundu ulioletwa kwa tipa kutoka mahali ambapo hapana aliyepauliza. Ukoka ukipandwa hapo hustawi kwa muda ule ambao mizizi yake imo katika tabaka la juu. Ikifika kwenye kifusi husimama, na kwa kuwa saruji na chokaa huzidisha ukali wa magadi katika ardhi, chuma kilichomo hakiyeyuki tena kwa kiasi cha kuufaa mmea, na majani hugeuka manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani. Mwenye nyumba huiona manjano ile akaongeza mbolea, na mbolea haiponyi kitu, maana ugonjwa uko chini. Hapana njia ya mkato: kifusi sharti kiondolewe, kibebwe, kitupwe, na ardhi itifuliwe kwa sururu na jembe kwa kina cha shubiri moja, yaani sentimita 20 na zaidi kidogo, hata kama kazi hiyo inachukua majuma mawili na ujira wake unazidi bei ya nyasi. Lau ningeulizwa fedha ya bustani igawanywe vipi, ningesema nusu yake iende katika ardhi, na nisingeona haya.

Kujua aina ya udongo si jambo la maabara peke yake. Chukua gao moja la udongo kutoka kina cha shubiri, utie katika chupa ya kioo yenye maji, utikise kwa nguvu, kisha uiache chupa mahali pasipoguswa: mchanga utatua chini kwa dakika chache, vumbi laini litafuata baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi utaendelea kuyachafua maji hata kesho yake; na tabaka zikitulia, zitakuonyesha kwa macho una nini. Kichanga cha pwani, kilicho juu ya mawe ya matumbawe, hupitisha maji upesi na hakishiki rutuba, kwa hiyo kinahitaji mboji au samadi nyingi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa jua na kunata wakati wa mvua, hudai mchanga mkubwa na mboji pamoja, na zaidi ya yote hudai mtaro wa kuyatoa maji. Udongo mwekundu wa vilimani ni mzuri kwa umbo lakini aghalabu una uchachu, na huko ndiko fosfeti ya Minjingu iliyosagwa, ambayo huchimbwa katika mkoa wa Manyara, huyeyuka na kuisaidia mizizi michanga. Juu ya matumbawe ya pwani, ambako hapana uchachu wa kuiyeyusha, haileti faida. Samadi nayo iwe imeoza barabara, nyeusi, isiyo na harufu kali, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za kila gugu alilolila ng'ombe.

Adui mkubwa wa kazi hii ni ndago. Mimea mingi hufa ukiikata, lakini ndago ina vinundu chini ya ardhi vilivyoshikamana kama shanga, na jembe likivitenganisha kila kinundu huamka peke yake na kutoa mche wake, hata mtu mwenye bidii huwa ameizidisha kwa bidii yake mwenyewe. Dawa yake ni subira kabla ya kupanda: ardhi ikishatifuliwa na kusawazishwa, imwagiwe maji kama kwamba imekwisha pandwa, iachwe siku 14 hadi 20, ndago na magugu mengine yaote, kisha yang'olewe pamoja na vinundu vyake kwa uma wa bustani, na kazi hiyo irudiwe mara ya pili, na penye wingi mara ya tatu. Wako wanaotumia glaifoseti, ambayo hufyonzwa na majani ikashuka hadi mizizini, nami siikatazi kwa anayefuata maelekezo ya kopo na kujikinga mikono na pumzi, ila hata hiyo huhitaji kurudiwa, na haimwondolei mtu kazi ya kungoja. Mwezi mmoja uliotumiwa kwa njia hii huokoa miaka ya kung'oa magugu kwa kuinama katikati ya nyasi zilizokwisha kufungana.

Kusawazisha hakuhitaji maneno mengi. Ardhi iteremke kutoka ukutani kwa sentimita moja au mbili kwa kila mita, ipimwe kwa kamba na pimamaji la fundi, iburutwe kwa ubao mrefu, ilowanishwe, iachwe ikae, kisha ivingirishiwe pipa lililotiwa maji kiasi. Na mtu akipita juu yake unyayo wake usizame zaidi ya sentimita moja hivi.

Majira ya kupanda ni jambo ambalo kalenda ya mabaharia wetu inalifundisha vizuri kuliko vitabu vya ugenini. Pwani, kaskazi ya Desemba hadi Machi ni joto na ukavu, na anayepanda wakati huo amejitwisha mzigo wa kumwagilia mara mbili kila siku. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo wakati wake, lakini penye mteremko mvua kubwa za Aprili huchukua udongo na vipando pamoja, kwa hiyo hapo afadhali kungoja mwezi wa Mei, mvua zikianza kutulia, ili mmea ushike mizizi katika ubaridi wa kusi, na Unguja na Pemba upate pia manyunyu ya mchoo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba hufaa pia, illa si ya kutegemewa, na hufuatwa mara na kaskazi kabla ya ukoka kuwa na nguvu.

Njia za kupanda ni mbegu, vipando, na vipande vya nyasi iliyokwisha kumea. Mbegu sizisifu kwa pwani, kwa sababu sisimizi huzibeba, mvua huzikusanya katika mabonde, na majani ya Pemba kwa kawaida hayapandwi kwa mbegu kabisa. Vipande vilivyokatwa pamoja na udongo wake hutoa uwanja kwa siku moja, na penye mteremko mkali au penye haraka ya harusi vina haki yake, maadamu vipangwe viungo visielekeane, vikandamizwe ili mizizi iguse ardhi, na vimwagiliwe saa ile ile. Lakini ni ghali, na huwashawishi watu waliopuuza ardhi kwa kuwa uzuri wake huficha kila kitu kwa muda. Mimi nachagua vipando. Mita moja ya mraba ya ukoka mzuri, ikichambuliwa shina shina, hutosha kupandia mita 10 hivi, na kila kipando kiwe na vifundo 3 au 4, kilazwe katika kijifereji kidogo, sehemu kubwa ifunikwe na ncha yenye majani ibaki nje, kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kwa aina nyembamba na 20 kwa majani ya Pemba. Vipando vikiwa vinangoja vikae kivulini ndani ya gunia lililoloweshwa, wala visilale zaidi ya usiku mmoja. Anayepanda hivi huweza pia kukitazama kila kishina kabla ya kukilaza, akaitupa ndago iliyojificha ndani yake, jambo ambalo katika vipande vizima haliwezekani.

Siku 14 za mwanzo maji yawe kidogo na mara kwa mara, ili tabaka la juu lisikauke. Baada ya hapo desturi igeuzwe, maji yawe mengi na kwa nafasi, mara mbili kwa juma, ili mizizi ishuke kuyafuata. Wengi hawafanyi mageuzi haya, huendelea kunyunyiza kila jioni kwa dakika chache, na matokeo yake ni mizizi inayokaa juu juu, ikingoja jua la siku moja bila maji iangamie. Asiye na hakika mpira wake unatoa maji kiasi gani na asambaze makopo matupu uwanjani, aone kwa saa ngapi yanapata kina cha milimita 12, kwa kuwa mara mbili ya hiyo ndiyo haja ya juma. Urea itiwe baada ya juma la 4 au la 6, kilo moja tu kwa mita 100 za mraba, juu ya ardhi yenye unyevu, na kuoshwa kwa maji papo hapo.

Kukata kwa mara ya kwanza kufanywe nyasi zikifungana na kuinuka, na kamwe kusiondolewe zaidi ya theluthi ya urefu wake, kwa kuwa jani ndilo linaloilisha mizizi, na mmea ulionyolewa hadi shinani hula akiba yake mwenyewe. Ukoka wa kawaida ubaki na sentimita 3 au 4, majani ya Pemba 5 hadi 8. Fyekeo linafaa maadamu lina makali. Butu huchana ncha, na uwanja mzima huwa wa kijivu kwa siku kadhaa. Mwenye ukoka na awe macho pia baada ya mvua za kwanza, maana viwavijeshi huupenda kuliko nyasi nyingi, na kundi lao linaweza kuumaliza uwanja kwa siku chache. Wakionekana wachanga hushindwa kwa urahisi, wakikua hawashindiki ila kwa dawa nzito.

Yote haya nimeyaeleza kwa mtu aliyekwisha kuazimia. Lakini swali lililotangulia, la kiasi, ndilo ninaloliona kubwa, na ndilo linalonirudisha kwenye uwanja uliofagiliwa wa wazee wetu. Nyasi zina kazi za kweli: hushika udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua, hutuliza vumbi, hupunguza joto linalorudi ukutani, na huwapa watoto mahali pa kuanguka bila kuumia. Bustani ya Forodhani huko Unguja, iliyofanyiwa matengenezo na shirika la Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, ni mfano wa nyasi zinazostahili maji yake, kwa sababu jioni umma mzima hukaa juu yake. Lakini nyasi za mbele ya geti, ambazo hapana anayezikanyaga, ambazo zimewekwa ili mpita njia ajue kwamba mwenye nyumba ana uwezo, hizo hazina hoja ya kutosha. Mahali pake mchanga uliofagiliwa, changarawe, asumini, mkadi, au mti mmoja wa kivuli hufanya haiba ile ile bila ya kudai tone moja wakati wa kiangazi, wala si ufukara hata kidogo.

Basi namshauri mwenye kuanza: hesabu maji uliyo na yakini nayo katika mwezi ulio mkavu kuliko yote, ugawanye lita za juma kwa 25, na jibu utakalopata ndilo idadi ya mita za mraba unazoweza kupanda. Mwenye lita 1,000 kwa juma na apande mita 40, mahali watoto wanapochezea, juu ya ardhi iliyotifuliwa kwa kina cha shubiri, na eneo lililobaki alifagie.